Manjano Yako ya Kila Siku

Minza, mayu,

Umepanda pikipiki saa nne kwenda Bariadi kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakaanga karanga za safari. Kwa hiyo nimepata nafasi. Nimepangusa vumbi kwenye meza ninayoandikia mihtasari ya chama cha msingi, nimekalia kile kiti chenye mguu mbovu, na karatasi hii ni ya tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilianza kama hotuba ya mwenyekiti.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala maji ya kunywa, wala vidonge vya kila asubuhi. Hayo mama yako amekwambia tangu Jumatatu, na kesho atakwambia tena mpaka dereva apige honi. Mimi nina jambo moja tu, nimekaa nalo miaka minne. Nilitaka kukueleza kwa mdomo. Juzi tulipokuwa tunapeleka ng'ombe lamboni nilianza kabisa, nikasema, "Unajua, mayu, ule mwaka ulioumwa…" Ukageuka kunitazama, nami nikaishia kukuuliza kama zipu ya begi ni nzima. Kwenye karatasi hunitazami, basi ngoja nijaribu tena.

Ulikuwa hujafikisha miaka miwili tulipoambiwa una siko seli. Vidole vyako vilikuwa vimevimba, unalia ukishikwa mkono, na mama yako alikataa kukubali kwamba ni meno. Tangu hapo tumejifunza: maumivu ya mifupa, baridi, kuongezewa damu, yote hayo tuliyajua. Na macho yako tangu utotoni yalikuwa na manjano kidogo. Wenzako wa shule ya msingi walipokutania uliwajibu kwamba mama amekupaka bizari. Nilicheka siku ile nikaona mtoto wangu ana mdomo, hatashindwa na dunia. Basi sisi nyumbani tukayazoea hayo manjano, na mimi nikayazoea kuliko wote.

Sasa turudi kwenye likizo ile ya mwezi wa sita, ulipokuwa kidato cha tatu. Pamba ilikuwa imefunguka shamba zima, na mama yako alikuwa Mwamapalala kwa mama yako mdogo aliyejifungua mapacha. Tulibaki wawili. Nilijiona mwanaume wa maana, napika ugali, nachuma pamba, nakuchekesha. Jioni moja ulirudi shambani umejishika chini ya mbavu za kulia. Ukalala. Baadaye ukaanza kutetemeka mpaka meno yanagongana, jua halijazama bado na joto liko vilevile. Nikakufunika mablanketi mawili. Nikasema ni malaria hiyo, hakuna cha ajabu.

Asubuhi ukatapika maji machungu, nami nikabadilisha maneno, nikasema ni nyongo. Unajua kwetu mtu akitapika uchungu tunasema nyongo imemzidi, na dawa yake ni kuitoa. Babu yako alinifundisha mzizi wa kuchemsha. Nikauchimba nyuma ya zizi, nikauchemsha, nikakushikia kikombe mwenyewe. Ulikunywa huku unakunja uso, kwa sababu ulikuwa mtoto mtii. Ukatapika mara tano. Mimi nilisimama pale na ndoo, nafurahi, nakwambia, "Hiyo, hiyo, inatoka yote." Kumbe mwili wako ulikuwa unahitaji kila tone la maji, na mimi nilikuwa nalikamua. Nyongo iliyokuwa inakuua haikuweza kutoka kwa kutapika, maana njia yake ilikuwa imezibwa.

Kuhusu mzizi huo unajua. Ulishanitania mbele ya wageni kwamba baba yako ni mganga aliyefeli mtihani, nami nilicheka pamoja nao. Ninachotaka kukwambia leo ni cha mchana wa siku hiyohiyo, zahanati. Hukukisikia kwa sababu ulikuwa umejilaza kwenye benchi la nje.

Nesi alikupima malaria, haikuwepo. Akakaa akakutazama kupitia mlangoni, kisha akaniuliza, "Baba, huyu binti macho yake yana manjano. Yamekuwa hivyo lini?"

Nikamwambia, "Ndivyo alivyo huyu, nesi. Ana siko seli. Tangu mdogo macho yake ni hayo."

Hakuridhika. "Sawa, lakini ni hivihivi siku zote, au yameongezeka?"

Minza, yule mama aliuliza swali lililotakiwa. Aliuliza mara mbili. Na mimi nilikuwa sijayatazama macho yako. Tangu jana yake jioni nilikuwa nakutazama ndani ya chumba chenye dirisha dogo, nakuletea uji, nakugusa paji la uso, lakini macho yako sikuyatazama. Ningeweza kumwambia, "Sijui, tutoke nje tumtazame." Ilikuwa hatua sita. Badala yake nikakunja uso nikarudia, "Nimesema ndivyo alivyo. Mimi ndiye baba yake."

Nimejiuliza sana kwa nini nilijibu hivyo. Nadhani niliona haya. Mama yako hayupo, nesi ananiuliza habari za mtoto wangu, na nikisema sijui nitaonekana baba ambaye hamjui binti yake. Kwa hiyo nikajifanya najua. Akatupa dawa za homa, akaniandikia kwamba kama homa haishuki kesho yake asubuhi nikupeleke hospitali ya Bariadi bila kungoja. Alinisomea kabisa ile karatasi. Niliikunja nikaitia mfuko wa shati.

Hiyo kesho ilikuwa zamu yetu ya kupima pamba ghalani. Unajua zamu ikipita ni kungoja wiki nyingine, na marobota yako nje, na kila mtu ana mkokoteni wake nyuma yako. Nikaja mlangoni kwako kabla sijafunga ng'ombe mkokotenini. Nikauliza kama tunavyoulizana kila siku, "Uli mhola?"

Nawe ukajibu, "Mhola duhu, baba."

Salama tu. Mtu anaungua na homa, mbavu zinamkata, anajibu salama tu, kwa sababu baba amesalimia na salamu ina jibu lake. Nami niliyekulea kwa adabu hiyo nikalipokea jibu nikaenda zangu ghalani. Sikusogea hata kukushika mkono. Ningekushika ningeona kwamba mkono sasa umekuwa wa baridi wakati kichwa ni cha moto.

Mama yako alirudi saa nane mchana bila kuagwa na mapacha vizuri. Anasema moyo ulimkataa kukaa. Alikukuta umekaa kitandani unatafuta kamba ya kumfunga ndama aliyekufa wewe ukiwa darasa la nne. Ukamwita yeye shangazi. Akakutoa nje, akakukalisha juani, akakufunua kope. Kisha akakuuliza swali ambalo mimi nisingekuuliza hata nikatwe kidole, "Mkojo wako una rangi gani?"

Ukamwambia ni kama chai ya rangi iliyokolea, siku ya nne hiyo. Na choo kimekuwa cheupe, kama jivu. Na ngozi inawasha mwili mzima, huoni hata kipele kimoja. Yote hayo uliyaona, mayu. Uliyaona kabla ya homa. Ila nyumbani alikuwepo baba peke yake, na binti hamwambii baba yake mambo ya chooni. Nani alikufundisha hivyo? Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha. Uliona tunavyoishi ukaelewa.

Nilisikia kelele za mama yako kabla sijamwona. Alikuja ghalani mbio, kanga moja begani, akasema mbele ya wanaume wote waliokuwa kwenye foleni, "Baba Minza, mtoto anakufa wewe unapima pamba?" Hakuna mtu aliyecheka. Mwenye gari dogo lililokuja kuchukua marobota alishusha mzigo wangu chini na ule wa mwenzangu, akasema twende. Ulilala nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama yako, juu ya magunia matupu. Mimi nilikaa miguuni kwako. Njia nzima kutoka Dutwa hadi Bariadi ulikuwa unaongea na yule ndama.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo, nilimwona kama angeweza kuwa darasa moja na wewe. Alikutazama, akakubonyeza chini ya mbavu ukaruka, akapima presha, akaipima tena. Akaanza kuita watu. Maji ya mshipani mikono yote miwili, dawa za mshipani, damu ikachukuliwa. Ndipo akatugeukia akaeleza, na nilimwelewa haraka kwa sababu nimechinja mbuzi maisha yangu yote. Unaujua ule mfuko wa nyongo tunaoutoa kwa uangalifu usipasuke ukaharibu nyama. Alisema mtu mwenye siko seli damu yake inavunjika haraka, na masalia yake hutengeneza vijiwe humo mfukoni. Kijiwe kimoja kilikuwa kimeshuka kikaziba njia. Nyongo ikisimama, vijidudu huzaliana humo, halafu huingia kwenye damu. "Homa ya kutetemeka, maumivu hapa kulia, na manjano kuongezeka," alisema, huku anahesabu kwa vidole. "Vikija pamoja, hata kama vimekuja viwili tu, mtu anakuja hospitali siku hiyohiyo. Akianza kuchanganyikiwa, presha ikishuka, hapo tunashindana na saa."

Akaniuliza, "Baba, manjano yaliongezeka lini?"

Safari hii nikasema sijui. Nilisema kwa sauti kubwa, mama yako akanitazama.

Walikuandikia rufaa. Gari la wagonjwa lilitupitisha Lamadi bado kuna mwanga, tukafika Mwanza, na huko walikupitisha mpira mdomoni hadi kwenye njia ile, wakaifungua, kijiwe kikatoka pamoja na usaha. Siku ya tatu uliamka ukaniuliza pamba ilipimwa au haikupimwa. Nilitoka nje nikalia kwenye maua ya watu. Nilikuwa sijawahi kulia mahali penye watu tangu azikwe mama yangu, na mlinzi akaja kunifukuza nisikanyage maua.

Kuna kitu kingine kinachonichoma, utanicheka na chuo chako hicho cha mifugo. Mwaka uleule, kabla ya mvua kuisha, fahali wetu mwekundu alipata ndigana baridi. Asubuhi nilimwona amesimama peke yake, nikamshika pua, nikamfunua kope kwenye jua, nikaona manjano. Nilimpigia bwana mifugo kabla ya kunywa uji. Sikumwambia kwamba ndivyo alivyo. Fahali yule alipona, na aliishi mpaka tulipomtoa kwenye mahari ya binamu yako. Kwa ng'ombe nilikuwa na macho. Nadhani nilikuwa nayo kwa sababu ng'ombe nilijua hawezi kuniambia, na wewe nilidhani utaniambia.

Ndiyo maana tangu turudi kutoka Mwanza nakuvuta mlangoni kila asubuhi kukufunua kope. Nawe kila asubuhi unalalamika, "Baba, mimi si ndama." Ulidhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, lakini pia ni deni la swali la nesi. Sasa nayajua manjano yako ya kila siku. Nikiamshwa usingizini leo naweza kukueleza yalivyo: yako pembeni, upande wa chini, hafifu, siku ya uchovu yanapanda kidogo na ukilala vizuri yanashuka. Nayajua kuliko mwandiko wangu.

Na kesho unakwenda Morogoro, ambako hakuna anayeyajua. Hilo ndilo linalonitisha, Minza. Si mji, si wavulana, si chakula cha bwenini. Naogopa kwamba siku moja utaumwa, mtu mwema atakutazama aseme una manjano, na mwingine mwema zaidi atajibu, "Ndivyo alivyo huyo, ana siko seli." Atalisema kwa nia njema kama nilivyolisema mimi. Mfuko wa nyongo ulishatolewa, ndiyo, kovu unalo. Lakini ulikuwepo daktari aliposema kwamba njia ile bado ipo na inaweza kuziba tena. Wewe ulikuwa unachezea simu. Mimi nilikuwa nasikiliza.

Kwenye bahasha hii kuna kioo kidogo, nimekinunua Dutwa. Jitazame juani au dirishani mchana. Usijitazame kwa taa ya umeme, taa inayaficha manjano, nilishajaribu nikaona. Jitazame ukiwa mzima, ili siku ukiwa mgonjwa uwe na kitu cha kulinganisha. Na ukishapata rafiki mnayeelewana pale bwenini, mwonyeshe. Mwambie hivi ndivyo nilivyo kila siku, ukiyaona yamezidi hapa, au ukinisikia naongea na ndama, usiniulize kitu, nipeleke. Atacheka. Mwache acheke, ila akumbuke.

Ukipata homa ya kutetemeka na mbavu zile zinauma, usingoje mkojo ubadilike, wala usijipime kwa kioo ukatafuta sababu ya kubaki kitandani. Nenda siku hiyo. Wakikuta malaria, waambie sawa, na bado nina historia ya njia ya nyongo kuziba, naomba muitazame. Waambie una siko seli na waambie tofauti ya leo na jana. Mtu akitaka kukujibia, mzuie kwa upole. Nikiwa ni mimi niliyesimama pale, nizuie hata mimi. Na mzizi wa babu yako usiufuate kokote. Nimeung'oa wote nyuma ya zizi, mama yako kapanda mchicha.

Nisamehe, mwanangu. Nimekuwa baba aliyesifiwa kijiji kizima kwa kukimbiza binti yake Mwanza, na nilizipokea hizo sifa. Aliyekukimbiza ni mama yako. Mimi nilipewa nafasi ya kukuwahisha siku moja na robo kabla, nikaikunja nikaitia mfukoni. Ile karatasi ya nesi ninayo bado. Yule nesi alishahamishwa, lakini nilimfuata kabla hajaondoka nikamwambia ukweli. Alinisikiliza, akaniuliza unaendeleaje, na machozi yakamtoka. Sasa na wewe unaujua. Ukitaka kunikasirikia una haki, na safari ni ndefu, kasirika mpaka Dodoma kama unataka. Ila ukifika piga simu.

Nasikia pikipiki huko barabarani, huenda ni wewe. Namalizia haraka. Kesho asubuhi nitakuvuta mlangoni kama kawaida, watu wa basi watangoja. Usilalamike kesho, simama vizuri kwenye mwanga, unitazame mpaka nitosheke.

Na huko Morogoro ukinipigia ukiwa huna raha mwilini, mimi nitaanza na mhola, najijua, ni mazoea. Usinijibu. Safari hii nimekuruhusu kumkosea baba yako adabu. Anza na mkojo, mayu. Salamu tutazimalizia wewe ukiwa njiani kwenda hospitali.

Baba yako